UZI: Mwandishi aliyeibomoa Dunia redioni, kisha akaja kuelekea mlima wetu amevaa vazi la faru

Mpagazi wa Zamani (Moshi)

Wakuu, salamu kutoka Moshi. Mvua haijakatika tangu alfajiri, mlima umejificha, na wageni wangu wanaingia keshokutwa, kwa hiyo leo nalipa deni. Wiki iliyopita kuna ndugu aliweka humu picha ya zamani ya wazungu waliovaa vazi la faru wakielekea Kilimanjaro. Watu wakacheka, wakasema hao wana hela za kuchezea. Sikujibu siku ile kwa sababu jibu lake ni refu. Mmoja wa watu waliolivaa vazi la namna ile mwaka 1994 ni mwandishi ninayemsoma kwa miaka 18 sasa, na inaniuma kumwona anapita kama kituko cha njiani.

Anaitwa Douglas Adams, Mwingereza, sasa ni marehemu. Aliandika hadithi za kisayansi za kuchekesha: vyombo vya angani, roboti, sayari za mbali, na ndani yake kicheko mtindo mmoja.

Nilivyokutana naye ni hivi. Mwaka 2007 nilikuwa mpagazi njia ya Machame. Siku ya kushuka, pale geti la Mweka, wageni huwa wanagawa vitu: soksi, glavu, tochi za kichwani. Mwenzangu alipata jaketi. Mimi nikapewa kitabu. Kilikuwa kimelowa ndani ya begi tangu kambi ya Barranco, kurasa zimevimba, mgongo umeshikiliwa kwa plasta ya kidonda, na kurasa mbili za mwisho hazipo. Nilikitupa chini ya kitanda huku Majengo kikakaa hadi masika, msimu wa mlima ulipolala na kazi hamna. Ndipo nikaazima kamusi kwa jirani.

Jina lake ni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Kinaanza na mtu mmoja anaamka asubuhi, anachungulia dirishani, anaona tingatinga limekuja kuvunja nyumba yake ipishe barabara ya mchepuo. Anatoka na nguo za kulalia, analala kwenye tope mbele ya mashine. Ofisa anamwambia mbona mpango wa barabara ulikuwa wazi kwa kila mtu miezi kadhaa? Na kweli ulikuwa wazi: chini ya jengo, gizani, ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo, kwenye choo kisichotumika.

Nilisimama kusoma. Nyumba ya mama mdogo iliwahi kupigwa X nyekundu. Barabara gani na ofisi gani sitaji. Alipokwenda kulalamika aliambiwa tangazo lilibandikwa ubaoni na muda wa malalamiko umekwisha. Ubao wenyewe ulikuwa kwenye korido ambayo hata mlinzi hakutaka kumpitisha aende kuuona. Mama mdogo alikaa siku nzima kwenye benchi pale, kashika risiti za kiwanja ndani ya mfuko wa plastiki, anazitoa, anazikunjua, anazirudisha.

Sasa rudi kitabuni. Yule bwana bado yuko kwenye tope, mara anga lote linajaa vyombo vikubwa vya manjano kutoka sayari nyingine. Sauti inatangaza kwamba Dunia nayo inavunjwa, iko kwenye njia ya barabara kuu ya angani. Watu wanapiga kelele. Wanajibiwa kwamba michoro ilikuwa imewekwa wazi kwenye ofisi ya mipango huko nyota ya Alpha Centauri kwa miaka 50, kwa nini hamkwenda kuiona?

Nilicheka nikiwa peke yangu chumbani, saa saba usiku. Kisha nikamkumbuka mama mdogo na risiti zake, kicheko kikakatika. Kisha nikacheka tena, na kile cha pili hakikuwa kama cha kwanza. Tangu usiku ule huyu mtu ni wangu.

Nikipata nafasi naendelea hapa hapa na maisha yake.

Kijana wa Sakina (Arusha)

Kaka, mimi nilikisoma chuoni. Nikukumbushe kitu: barabara yetu ya mchepuo hapa Arusha ina kilomita 42 na ushee. Barabara ya mchepuo, halafu 42! Aliyesoma kitabu ataelewa kwa nini nilipiga kelele nilipoona hiyo takwimu kwenye gazeti.

Mpagazi wa Zamani (Moshi)

Mdogo wangu, umenifurahisha sana, hiyo sikuwahi kuiunganisha. Kwa wasiosoma: kwenye hadithi kuna viumbe wanaunda kompyuta kubwa kuliko zote wakaiuliza maana ya maisha, ya ulimwengu na ya kila kitu. Ikafikiri miaka milioni 7 na nusu. Ikajibu: 42. Wakabaki wameduwaa, ndipo ikawaambia shida ni kwamba swali lenyewe hawalijui. Watu wametafuta siri ya namba hiyo kwa hesabu na hata kwa dini. Mwenyewe alieleza kwamba alitaka tu namba ya kawaida, ndogondogo, akaichagua hiyo.

Sasa maisha yake. Alizaliwa Cambridge tarehe 11 Machi 1952. Wazazi waliachana angali mdogo, akakulia Brentwood, mkoa wa Essex, kwa bibi na babu mzaa mama. Shikeni hili, tutalirudia: nyumba ile ya bibi ilikuwa pia makazi ya wanyama walioumia na waliotelekezwa. Mtoto alilala na kuamka katikati ya mbwa na paka wa kutunzwa.

Alirefuka vibaya mno. Akiwa na miaka 12 alikuwa ameshafika futi 6, na ukubwani akafika mita 1.96. Shuleni kulikuwa na mwalimu anaitwa Frank Halford ambaye hakuwa anampa mtu alama zote kwenye insha. Adams akiwa na miaka 10 alipata 10 kwa 10, na mwalimu yule hakumpa mtu mwingine tena alama hiyo. Aliibeba maisha yake yote. Alipokwama kuandika, alijikumbusha 10 ya mwalimu Halford. Walimu mliomo humu, mkono wenu mwekundu unakwenda mbali.

Wazo la kitabu lilimjia mwaka 1971. Alikuwa kijana anazunguka Ulaya kwa kuomba lifti, ana kitabu cha mwongozo wa waomba lifti wa Ulaya, usiku mmoja amelala kwenye uwanja wa nyasi mjini Innsbruck, Austria, amelewa kidogo, anatazama nyota. Akawaza kwamba mtu angepaswa kuandika mwongozo kama ule kwa ajili ya huko juu. Akalala usingizi. Akaenda zake chuo kikuu cha Cambridge kusoma fasihi ya Kiingereza, akaingia kwenye kikundi cha vichekesho cha pale, Footlights, akamaliza 1974.

Na hapa ndipo wengi hawapajui. Alitoka chuo anajiona mwandishi, na kazi hakuna. Aliandika kidogo na Graham Chapman wa kundi la vichekesho la Monty Python, mengi yakaishia kwenye makaratasi. Kwa hiyo akasukuma vitanda hospitalini. Akajenga mabanda shambani. Akasafisha mabanda ya kuku. Akawa mlinzi wa familia ya kitawala ya Qatar, kazi yake kukaa korido ya hoteli usiku kucha mlangoni mwao. Akarudi kuishi kwa mama yake, amekata tamaa. Ninyi mnaosema wachekeshaji wana maisha mepesi, mfikirieni jitu la karibu mita mbili linakwangua mavi ya kuku na hadithi ya galaksi nzima iko kichwani, haina pa kwenda.

Iliyomfungulia mlango ni redio. Tarehe 8 Machi 1978, saa nne na nusu usiku, BBC Radio 4 ikarusha sehemu ya kwanza ya hadithi ile, ikiwa mchezo wa redio. Saa nne na nusu, Jumatano, watu wamelala. Hakuna aliyeitegemea kitu. Lakini waliokuwa macho wakaambiana kazini kesho yake, na wiki iliyofuata wakawa wengi, ikabidi irudiwe tena na tena. Sisi tuliokulia kwenye michezo ya RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, tunajua jinsi redio inavyokuchorea kitu: ukiwa hukioni ndiyo unakiona vizuri zaidi. Adams alilijua hilo. Alitaka sauti zipangwe kama wanamuziki wanavyopanga albamu, na walikesha studio wakikata na kuunganisha mikanda kwa mkono.

Kitabu kikatoka 1979 na nakala 250,000 zikaisha ndani ya miezi 3 ya kwanza. Mwaka huohuo alikuwa pia mhariri wa maandishi ya tamthilia ya televisheni ya Doctor Who, kazi mbili kwa wakati mmoja. Vitabu vya mfululizo ule vikafika 5.

Mwalimu Dada (Arusha)

Kaka Mpagazi, hongera kwa uzi. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Nina hoja moja, si ya kukupinga. Watu wanasema hadithi za namna hii si zetu. Nauliza, Kusadikika ya Shaaban Robert iko wapi? Iko angani. Nchi nzima inaelea hewani, ina mfalme, ina baraza, ina wajumbe sita waliotumwa pande zote ikiwemo juu mbinguni na chini duniani, wakirudi na habari zenye manufaa wanafungwa jela. Yule Karama anasimama barazani siku baada ya siku anawatetea. Kitabu kile kilitoka 1951, kabla huyo Adams hajazaliwa. Wanafunzi wangu huwa wanakisoma kwa ajili ya mtihani wakiwa wamenuna. Nikiwaambia wafikirie nchi inaelea kweli, na kuna watu wanaishi ukingoni, wanaanza kutabasamu.

Mpagazi wa Zamani (Moshi)

Dada yangu, umeniongezea. Nakubali kabisa, na tofauti ninayoiona iko kwenye namna ya kumkabili mkubwa. Shaaban Robert anampa Karama maneno hadi baraza linalegea. Anasimama, anasema, anashinda kwa hoja. Kwa Adams hakuna anayeshinda kwa hoja. Ofisa wa angani hasikii, hana hata chuki na wewe, ana fomu tu. Anachokuachia Adams ni kumwona ofisa yule alivyo mdogo. Kwangu vyote viwili ni dawa, ila mama mdogo alikuwa kwenye hadithi ya Adams, siyo ya Karama. Hakupata baraza la kusimama mbele yake.

Mtoto wa Same

Mkuu, yote mazuri, lakini turudi kwenye faru. Mzungu tajiri anavaa vazi la mnyama, anapigwa picha, anarudi kwao. Mimi nimezaliwa jirani na hifadhi ya Mkomazi. Wazee wetu waliwaona faru weusi pale hadi majangili walipowamaliza. Waliopo sasa walianza kuletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997, wanalindwa ndani ya uzio usiku na mchana. Hiyo ndiyo kazi. Vazi linalinda nini?

Mpagazi wa Zamani (Moshi)

Ndugu yangu wa Same, swali lako ndilo lililonifanya niandike uzi huu, kwa hiyo naomba unisome hadi mwisho.

Mwaka 1985 gazeti moja la Uingereza lilimpeleka Adams Madagaska kumtafuta mnyama wa usiku anaitwa ayeaye, pamoja na mtaalamu wa wanyama, Mark Carwardine. Adams hakujua chochote kuhusu wanyamapori. Walimwona ayeaye kwa sekunde chache tu, usiku, kwenye tawi. Sekunde zile zilimgeuza. Wakapanga kurudi, na baadaye wakazunguka dunia kutafuta viumbe walio ukingoni. Wakatengeneza vipindi vya redio vya BBC vilivyorushwa 1989, na kitabu kikatoka 1990, Last Chance to See. Mwenyewe alikuwa akisema hicho ndicho anachojivunia kuliko vyote alivyoandika.

Ona wanachokifanya ndani yake. Huko China walikwenda mto Yangtze kumtafuta pomboo wa mtoni, baiji. Mnyama yule karibu kipofu, anaishi kwa sauti, na mto umejaa injini za meli. Walitaka kusikia anachosikia yeye, lakini maikrofoni yao haikuwa ya majini. Wakazunguka maduka ya Shanghai kutafuta kondomu ili waivalishe maikrofoni. Wanaelezea kwa wauzaji kwa ishara, watu wanakusanyika, wanauziwa vidonge vya uzazi wa mpango. Utacheka hadi machozi. Kisha wanaizamisha ile maikrofoni mtoni wakitegemea kusikia sauti za meli, moja moja. Wanachosikia ni mngurumo mmoja mnene usio na mwanya. Hapo umeshafungua mdomo kwa kicheko, na huzuni inaingilia hapohapo. Mwaka 2006 wataalamu walipekua mto wote wasimpate hata baiji mmoja.

Wakaenda pia Garamba, Zaire ya wakati ule, kuwaona faru weupe wa kaskazini. Walikuwa wamebaki 22 porini. Leo wamebaki wawili duniani, Najin na Fatu, mama na binti, wako hifadhi ya Ol Pejeta kwa majirani zetu Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018.

Ndipo vazi. Adams alikuwa mlezi mwanzilishi wa shirika la Save the Rhino. Mwaka 1994 walifanya matembezi hadi Kilimanjaro kuchangisha fedha. Watu wengi humu mtandaoni wanasema alipanda mlima na vazi, hapana. Yeye alilivaa njiani, kabla ya kupanda kuanza. Aliyepanda nalo ni William Todd-Jones, mtaalamu wa vikaragosi, aliyekuwa ameshakimbia nalo mbio za marathoni London. Nasema hili kama mtu wa mlima: anayepanda akielekea mita 5,895 na jitu lile mwilini anastahili jina lake litajwe, asinyang'anywe sifa na mwenzake maarufu.

Zilipatikana takriban pauni 100,000. Zikaenda kwenye shule za Kenya na kwenye mradi wa kuhifadhi faru weusi hapa Tanzania. Uzio unaousema, ndugu yangu, na askari wanaoulinda, wanakula, wanahitaji mafuta ya gari, redio za mawasiliano, buti. Fedha za namna hiyo hutoka kwa watu walio mbali sana na faru, ambao hawatamwona maishani. Ni lazima mtu awafanye wageuke kutazama. Adams alijua kugeuza shingo za watu, ndiyo kazi aliyokuwa nayo, akaitoa. Na kumbuka lile nililosema mshike: mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya bibi yenye wanyama walioumia.

Mtu aliyeandika Dunia inavunjwa kwa sababu hakuna aliyekwenda kusoma tangazo, akiwa na miaka 36, 37, anazunguka kusoma matangazo yenyewe, moja kwa moja, kwa macho yake. Mimi sioni vitabu viwili hapo. Naona kimoja.

Mtoto wa Same

Nimekuelewa, mkuu. Hilo la Todd-Jones sikulijua. Nafuta lile la kupigwa picha.

Mzee wa Kibosho

Kijana, nimesoma yote kwa miwani. Alikufaje huyu bwana, maana umesema marehemu?

Mpagazi wa Zamani (Moshi)

Shikamoo mzee wangu. Alikufa ghafla, kwa moyo. Alikuwa amehamia California na mkewe Jane na binti yao Polly, aliyezaliwa Juni 1994, mwaka uleule wa matembezi. Alikwenda huko akihangaikia filamu ya kitabu chake, aliihangaikia miaka mingi. Tarehe 11 Mei 2001 alikuwa ametoka kufanya mazoezi, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 49. Filamu ikatoka 2005, hakuiona. Amezikwa makaburi ya Highgate, London, na wasomaji huchomeka kalamu kwenye kaburi lake.

Kuandika kulimtesa, mzee. Tarehe za kukabidhi zilimpita kila mara. Kitabu cha nne, mchapishaji wake Sonny Mehta alihamia naye hotelini ili ahakikishe kurasa zinatoka. Sentensi inayokuchekesha kwa sekunde mbili, yeye aliifuta na kuiandika upya siku nzima. Nilipolijua hilo nilirudia kusoma kitabu changu polepole zaidi.

Kijana wa Sakina (Arusha)

Kaka, mbona hujataja taulo?

Mpagazi wa Zamani (Moshi)

Nililiweka mwisho makusudi.

Kwenye kitabu, msafiri wa angani hashauriwi kubeba silaha wala fedha kwanza. Anashauriwa taulo. Unajifunika, unalalia, unajikinga, na mtu akikuona una taulo anaamini na vingine unavyo. Wasomaji wengine husema hiki ni kichekesho tu. Mimi nilipofika pale nilishusha kitabu nikaangalia ukutani, kwenye msumari, taulo langu limening'inia.

Mwaka wangu wa kwanza mlimani sikuwa na chochote. Kaka yangu, mpagazi kabla yangu, alinipa taulo lake la kijani, limechakaa katikati. Ukilisokota vizuri na kulizungusha mara mbili linakuwa ngata, mzigo wa kilo 20 unakaa kichwani bila kukukata. Jua likiwaka uwanda wa Shira unalifunika shingoni. Kambi ya Barafu, usiku, unalifunga kichwani na masikioni. Asubuhi mgeni akiteleza akachubuka goti, ni taulo. Kaka alinionyesha kusokota pale nje ya geti la Machame, akaifungua ngata yangu mara tatu na kusema rudia. Hakuwahi kusoma Adams. Na mwandishi mrefu wa Kiingereza aliyekaa London akaandika kitu ambacho kaka yangu alikuwa anakifundisha.

Wiki mbili baada ya kifo chake, tarehe 25 Mei 2001, wasomaji walitoka na taulo begani kumkumbuka, na kila mwaka tarehe hiyo wanafanya hivyo nchi nyingi. Mimi hulitoa lile la kijani.

Mwalimu Dada (Arusha)

Kaka, kuna anayekitafsiri kwa Kiswahili? Jina ungeliitaje?

Mpagazi wa Zamani (Moshi)

Mimi nimejaribu sura tatu za mwanzo, daftari ninalo. Jina nilianza na "mdandia magari" nikaliacha, anayedandia hajaomba. Huyu anasimama kando ya njia, ananyoosha mkono, anamwomba asiyemjua. Kwa hiyo nimeandika: Mwongozo wa Muomba Lifti wa Angani. Yule samaki mdogo anayewekwa sikioni ukaelewa lugha zote nimemwita samaki mkalimani. Mashairi mabaya ya wale maofisa wa angani bado yananishinda, kwa sababu ushairi wetu ukiuvunja vina unasikika mbaya mara moja, na mimi nataka uwe mbaya huku vina na mizani vimetimia. Dada, hapo naomba msaada wako.

Kitabu chenyewe bado ninacho, plasta nimebadilisha mara nne. Zile kurasa mbili za mwisho nilikuja kuzikuta miaka miwili baadaye kwenye nakala ya mgeni, kambi ya Karanga. Akaniazima usiku mmoja. Nilizinakili kwa tochi ya kichwani kwenye karatasi za daftari la mahesabu ya jikoni, upande wa nyuma kuna idadi ya mayai na viazi. Nimezibandika mahali pake. Anayetaka kukiazima aniandikie, ila akirudishe kabla ya Juni.